Je, Wajua? Ganda la Jino Hujengwa Mara Moja Tu

Je, wajua kwamba kitu kigumu kuliko vyote mwilini mwako si mfupa? Ni enameli, ganda la nje linalofunika sehemu ya jino inayoonekana juu ya ufizi. Takriban asilimia 96 ya uzito wake ni madini, na kidogo kinachobaki ni maji na mabaki ya protini. Madini hayo ni kalsiamu na fosfati zilizofungamana katika fuwele ziitwazo haidroksiapataiti.

Je, wajua kwamba ganda hilo halina hisia kabisa? Ndani yake hamna mshipa wa fahamu, hamna damu, hamna hata seli moja iliyo hai. Ganzi la meno linalokushika ukila embe bichi au ukwaju hutoka chini yake, kwenye dentini, ambayo imejaa vijia vyembamba vinavyoelekea kwenye kiini cha jino.

Je, wajua unene wake? Juu ya vilele vya magego hufika milimita 2.5 hivi. Ukishuka kuelekea ufizi linapungua mpaka linakwisha. Kwenye meno ya utotoni ni jembamba zaidi, na ndiyo maana jino la mtoto likianza kuoza halikawii kumliza usiku.

Je, wajua kwamba enameli si nyeupe pe? Hupitisha mwanga, na rangi unayoiona kwenye kioo kwa sehemu kubwa ni ya dentini iliyo chini, ambayo kwa asili ina umanjano. Mtu mwenye meno ya manjano kidogo anaweza kuwa na enameli imara kuliko jirani yake mwenye meno meupe. Kadiri miaka inavyokwenda ganda hulika, na umanjano huzidi kujitokeza. Kwa hiyo anayesugua meno kwa unga wa mkaa, majivu au mchanga ili yang'ae anakwangua ganda lenyewe, na mwisho wake ni manjano zaidi kuliko alivyoanza. Kijiti cha mswaki chenye nyuzi laini, kinachotafunwa mpaka kikawa brashi, hakina ubaya huo.

Je, wajua kinachoonekana ukiiweka enameli chini ya hadubini? Vijiti. Kila jino lina mamilioni ya vijiti vyembamba vinavyotoka kwenye dentini kuja nje, kila kimoja na upana wa mikromita 5 hivi. Vipange ubavu kwa ubavu, milimita moja itabeba kama 200. Kila kijiti nacho ni tita la maelfu ya fuwele ndefu. Na hapa ndipo ufundi wenyewe ulipo: vijiti havielekei upande mmoja. Tabaka moja huinamia huku, la pili huinamia kule, ili ufa ukianza usipate njia iliyonyooka. Madini matupu ni magumu lakini hupasuka upesi. Bila mpishano huo, kijiwe kimoja kwenye wali kingetosha kuligawa gego mara mbili.

Je, wajua wajenzi wake wako wapi sasa? Hawapo. Seli ziitwazo ameloblasti hupanga kwanza protini, huweka fuwele changa, kisha huondoa maji na protini ili madini yakue na kujaza nafasi. Kazi ikiisha, hubaki kama utando juu ya jino, na jino linapotoboa ufizi hupotea zote. Mfupa ukivunjika huunga. Ngozi ikikatika hufunga. Hata dentini huweza kuongezwa kutoka ndani. Enameli iliyomeguka hairudi, na mpaka leo hakuna kliniki inayoweza kuiotesha upya. Karibu yote yanayofuata hapa yanatokana na jambo hili moja.

Je, wajua ujenzi huo hufanyika lini? Enameli ya meno ya utotoni huanza kuwekwa mtoto akiwa tumboni, kwenye mwezi wa nne wa mimba. Gego la kwanza la kudumu huanza karibu na siku ya kuzaliwa. Meno ya mbele ya kudumu huanza miezi michache baadaye, na ganda lake hukamilika kwenye miaka minne au mitano, likiwa bado limejificha ndani ya taya. Enameli utakayochekea siku ya harusi yako ilimalizika kabla hujaanza darasa la kwanza.

Je, wajua kwamba ganda hilo huweka tarehe? Ameloblasti huongeza kitabaka chembamba kila siku, kiasi cha mikromita 4 hivi, na kila baada ya siku kadhaa, mara nyingi saba hadi tisa, huacha mstari ulio mzito zaidi. Mistari hiyo mizito ina jina la Anders Retzius, mtaalamu wa anatomia wa Sweden aliyeieleza mwaka 1837. Mmoja kati ya mistari iliyomo hutokana na kuzaliwa kwenyewe: mshtuko wa kutoka tumboni kuja duniani hubaki umeandikwa kwenye meno ya utotoni na kwenye gego la kwanza la kudumu. Wachunguzi wa vifo huutafuta mstari huo kwenye mabaki ya mtoto mchanga. Ukionekana, mtoto yule alizaliwa hai na akaishi siku kadhaa.

Homa kali ya muda mrefu, surua au njaa ya utotoni nayo huacha mfereji au safu ya vishimo ukikatisha meno yale yaliyokuwa yakijengwa wakati huo. Daktari akiona mfereji kwa urefu uleule kwenye meno ya kushoto na ya kulia, anaweza kukadiria mtoto aliugua akiwa na umri gani.

Je, wajua kwamba Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, ana lake la kusema hapa? Fuvu lake lilipatikana na Mary Leakey katika bonde la Olduvai tarehe 17 Julai 1959, likiwa na magego makubwa yenye enameli nene kupita kiasi. Watu wakahitimisha kwamba huyu alikuwa mpasua kokwa ngumu, na jina la utani likamganda. Lakini kaboni iliyomo kwenye enameli hutofautiana kulingana na aina ya mimea iliyoliwa, na haibadiliki kwa mamilioni ya miaka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulipima meno ya ndugu zake yaliyochimbwa Kenya, ukakuta zaidi ya robo tatu ya chakula chao kilitokana na nyasi na mimea ya jamii ya ndago. Hoja iliyokuwa imesimama nusu karne ikapinduliwa na unga kidogo uliokwanguliwa kwenye jino.

Je, wajua kwamba mabomu ya nyuklia yamo kinywani mwa watu waliozaliwa zama zile? Majaribio ya angani, yaliyopamba moto kuanzia 1955 hadi 1963, yaliongeza kaboni-14 hewani. Mimea ikaivuta, watu wakaila, watoto wakaijengea enameli. Mwaka 2005 watafiti wa Taasisi ya Karolinska, Sweden, walionyesha kwamba kwa kupima kaboni hiyo kwenye enameli mwaka wa kuzaliwa wa maiti asiyejulikana unaweza kukadiriwa kwa tofauti ya mwaka mmoja na nusu hivi. Mfupa hauwezi kutoa jibu la namna hiyo, kwa sababu mfupa hujibadilisha kila siku.

Je, wajua kwamba jino hutaja jinsia? Protini ya amelojenini ina sura mbili, moja kutoka kromosomu ya X na nyingine kutoka ya Y. Enameli ikibaki na ile ya Y, mwenye jino alikuwa mwanamume, hata kama mifupa yake yote imeshakuwa vumbi.

Je, wajua kisa cha Colorado Springs? Mwaka 1901 daktari wa meno kijana, Frederick McKay, alifungua kliniki katika mji huo wa Marekani akakuta wenyeji wengi wana meno ya kahawia. Alilifuatilia swali hilo kwa miaka 30. Aligundua kwamba waliohamia mjini wakiwa watu wazima hawapati madoa, bali wale waliokulia pale. Na kwamba meno yale ya kahawia hayaozi kirahisi. Mwaka 1931 mkemia H. V. Churchill alipima maji na kukuta floraidi nyingi. Tarehe 25 Januari 1945 mji wa Grand Rapids, Michigan, ukawa wa kwanza duniani kutia floraidi kidogo kwenye maji ya bomba ili kuzuia meno kuoza.

Kwetu mambo yako kinyume. Kwenye Bonde la Ufa shida ni floraidi kuzidi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji ya kunywa. Chemchemi na visima vingi kwenye miteremko ya Mlima Meru nchini Tanzania, pande za Maji ya Chai na Ngarenanyuki, na vile vya Nakuru nchini Kenya, hupita kiwango hicho mara kadhaa, kwa sababu maji hupita kwenye miamba ya volkano yenye madini hayo. Mtoto akiyanywa katika miaka ambayo enameli yake inajengwa, ameloblasti hushindwa kuziondoa protini zote, na ganda hukomaa likiwa na vitundu vidogo vidogo chini ya uso wake. Jino huota likiwa jeupe la chaki. Baadaye chakula na vinywaji hulitia rangi, likawa la njano, kisha kahawia. Likiathirika sana huchimbika.

Nataka hili lieleweke vizuri. Kijana wa Arumeru, huko huko kwenye Mlima Meru, mwenye meno ya kahawia hajaacha kupiga mswaki. Hakuvuta sigara, hakutafuna tumbaku. Alikunywa maji ya nyumbani kwao akiwa mtoto wa miaka miwili. Doa lile liko ndani ya ganda, na hakuna mswaki utakaolifikia. Akisugua kwa nguvu ataliumiza jino na doa litabaki palepale. Mwalimu anayemsema mbele ya darasa, mwajiri anayemnyima kazi ya mapokezi, na anayemcheka kwenye basi, wote wanamhukumu kwa kosa la maji. Daktari wa meno anaweza kulainisha uso wa jino au kulifunika kwa simenti ya rangi ya jino, na mtu akapata tabasamu analolitaka.

Na je, wajua kwamba kuchemsha maji hakuondoi floraidi? Vijidudu vitakufa, lakini maji yakipungua kwa mvuke floraidi iliyobaki huwa nzito zaidi. Maji ya mvua yaliyovunwa vizuri kwenye bati safi huwa na floraidi kidogo sana, na katika maeneo hayo yafaa yatunzwe kwa ajili ya wajawazito na watoto wadogo kwanza. Njia nyingine ni chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe iliyochomwa, ambalo limefanyiwa kazi kwa miaka mingi katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto karibu na Arusha, na kwa upande wa Kenya na Jimbo Katoliki la Nakuru.

Magadi pia. Yale tunayotia kwenye makande, maharage na mlenda ili viive upesi, mengine yana floraidi nyingi, na watafiti nchini Tanzania wamekuta watoto wenye meno ya kahawia mahali ambapo maji hayana tatizo lakini magadi hayakosekani jikoni.

Je, wajua ukweli wa "meno ya plastiki"? Hapa naomba kila mama, shangazi na bibi asikilize. Kwa miongo kadhaa, sehemu nyingi za Tanzania, Kenya, Uganda na jirani zake, mtoto mchanga akiharisha au akipata homa huangaliwa ufizi. Ukionekana uvimbe mweupe pale jino la chonge litakapoota, husemwa ni jino baya, na fundi huitwa akalichimbue kwa kisu, msumari au njiti ya baiskeli. Anachokitoa kweli ni cheupe na laini, na hicho ndicho kinachowaaminisha watu. Lakini kile ni jino halali la chonge la utotoni ambalo enameli yake bado haijajaa madini. Kila mtoto duniani analo. Kuchimbua huko huleta damu nyingi, pepopunda na maambukizi mengine, na mtoto anaweza kufa. Anayepona mara nyingi hubeba kilema: jino la kudumu lililokuwa chini yake huota limepinda, au na enameli mbovu, au lisiote kabisa. Kuhara kunahitaji maji ya chumvi na sukari ya hospitali, homa inahitaji kipimo cha malaria, na vyote hupatikana zahanati.

Je, wajua kwamba sukari yenyewe haichimbi jino? Bakteria wanaoishi kwenye ukoga ndio huila na kutoa asidi. Kipimo cha pH kikishuka chini ya 5.5 hivi, fuwele za enameli huanza kuyeyuka. Mate hufanya kazi ya kuirudisha hali, na yana kalsiamu na fosfati ya kujazia palipoyeyuka, lakini yanahitaji nusu saa hadi saa nzima. Hesabu basi: anayekunywa soda yake yote pamoja na chakula cha mchana ameshambulia meno mara moja, anayeionja kidogo kidogo dukani tangu asubuhi hadi jioni hajayapa mate nafasi hata kidogo. Vivyo hivyo kwa mabuyu ya sukari, pipi, na chai tamu ya kila saa. Usiku mate hupungua mno, kwa hiyo mtoto anayelala na chupa ya maziwa au juisi kinywani hana kinga.

Floraidi ya dawa ya meno husaidia kwa sababu ikiingia kwenye fuwele huzifanya zistahimili asidi mpaka pH ya 4.5 hivi. Ukimaliza kupiga mswaki, tema povu. Usisukutue kwa maji mengi.

Je, wajua kwamba dalili ya kwanza ya kuoza ni doa jeupe, si jeusi? Ni doa lililofifia, mara nyingi karibu na ufizi. Hapo uso wa ganda bado mzima na madini yanaweza kurudi kwa floraidi na kwa kupunguza sukari. Uso ukishavunjika, njia hiyo imefungwa.

Je, wajua kwa nini jino lililoonekana zima jana hubomoka leo ukitafuna ugali tu? Asidi ikishapenya enameli na kufika kwenye dentini laini, huoza chini kwa upana huku juu tundu likibaki dogo kama ncha ya sindano. Ganda husimama kama paa la nyumba ambayo mchwa wameshakula nguzo zake. Na kwa kuwa enameli haiumi, mwenye jino hajui kitu mpaka siku hiyo.

Kuna tiba inayohusu hasa hali hiyo, nayo ilianzia Tanzania. Katikati ya miaka ya 1980, katika shule ya udaktari wa meno jijini Dar es Salaam, Jo Frencken na wenzake walianza kutibu bila umeme wala mashine ya kutoboa: unavunja kingo nyembamba za enameli kwa chombo cha mkono, unakwangua uozo, unaziba kwa simenti. Hakuna ngurumo, mara nyingi hakuna hata sindano ya ganzi. Njia hiyo, iitwayo ART, leo hufundishwa duniani kote, na inasikitisha kwamba bado wagonjwa wengi hapa kwetu huambiwa dawa ya jino ni kung'oa.

Je, wajua kwamba madaktari wa meno hupaka asidi kwenye enameli makusudi? Mwaka 1955 Michael Buonocore, huko Marekani, aligundua kwamba asidi ya fosforasi ikiwekwa kwa sekunde chache huacha vijiti vya enameli na uso wa mikwaruzo ambao plastiki hushika barabara. Kuziba jino kwa simenti ya rangi yake na kubandika vyuma vya kunyoosha meno kwategemea ugunduzi huo.

Je, wajua kwamba asidi ya tumboni ni kali kuliko limau? Mwenye kiungulia cha mara kwa mara, na mjamzito anayetapika kila asubuhi, enameli yao hulika hasa upande wa ndani wa meno ya mbele. Usipige mswaki papo hapo baada ya kutapika au kula vitu vichachu, ganda limelainika. Sukutua kwa maji, ungoje nusu saa au zaidi.

Je, wajua kwamba panya ana enameli upande wa mbele tu wa meno yake marefu, ndiyo maana yanajinoa? Rangi yake ya machungwa ni ya chuma. Kwamba pembe ya ndovu ni jino la dentini, na kofia yake ndogo ya enameli hulika mapema? Kwamba muhanga, mla mchwa wa nyika zetu, hana enameli kabisa?

Je, wajua jino linalopotea kwa kutojulikana? Ni gego la kwanza la kudumu. Huota kwenye miaka sita, nyuma ya meno yote ya utotoni, bila jino lolote kung'oka, na wazazi wengi hulihesabu miongoni mwa yale yatakayotoka. Likianza kuoza husema acha, litaota jingine. Hakuna jingine. Mifereji ya juu yake ni mirefu na hunasa chakula, kwa hiyo daktari anaweza kuipaka ute mgumu wa kuiziba mapema kabla uozo haujaanza. Mtoto wako akifika umri huo, mwambie afungue kinywa mchana penye mwanga, anza kuhesabu kutoka katikati kwenda nyuma, kila upande, juu na chini. La sita ndilo.